Ndege za vita zilizofukiwa ardhini: zinatafutwaje, na zinaweza kuruka tena?

Mwewe_Pwani

Wakuu, salaam. Kwa wanaofuatilia ndege za Vita Kuu ya Pili, naomba darasa. Mnakumbuka habari ya Spitfire, ndege za kivita za Uingereza, za Burma (Myanmar ya leo): mkulima wa Kiingereza, David Cundall, alizisaka tangu miaka ya 1990 akiamini kwamba mwaka 1945 zilifukiwa zikiwa mpya ndani ya makasha kwenye uwanja wa Mingaladon, Rangoon. Zilitajwa hata ndege 124. Oktoba 2012 makubaliano na serikali ya Myanmar yakatiwa saini, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Wargaming ikatoa fedha, Januari 2013 wakachimba, Februari wakatangaza hakuna kitu. Lakini Greenland P-38, ndege ya kivita ya Marekani, ilitolewa chini ya barafu na ikaruka. Kwa nini kule iliwezekana na huku ikashindikana? Vifaa vya kutafutia vinaona nini hasa? Na ndege iliyolala ardhini miaka 70 inabaki na nini cha kurusha?

Kipimo_Ardhi

Mkuu, kabla ya vifaa tupige hesabu, maana kisa cha Mingaladon kinaangukia hapo.

Spitfire Mark XIV ina urefu wa karibu mita 10. Mabawa yakivuliwa na kulazwa ubavuni, unahitaji kasha la kama mita 10 kwa 2 kwa 3, yaani mita za ujazo 60. Chukua ndege 36 tu: umeshafika zaidi ya mita za ujazo 2,000 za makasha peke yake, bila udongo wa kuyafunika wala nafasi ya mitambo kuzunguka. Sasa weka mita 6 za udongo juu ya kasha moja. Paa lake ni mita za mraba 20, udongo mbichi una tani 1.8 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbao zinabebeshwa zaidi ya tani 200. Kasha la kusafirishia limetengenezwa kustahimili meli na kreni. Mzigo huo lingepondeka siku ya kwanza.

Halafu kuna maji. Kasha lililozibwa vizuri, maji ya ardhini yakipanda mpaka juu yake, husukumwa kwenda juu kwa nguvu ya tani 60, na ndege yenyewe ikiwa tupu ni tani 3 tu. Lisilozibwa linajaa maji na ndege inazama humo miongo saba. Hakuna namna ya tatu. Rangoon ilikombolewa Mei 3, 1945, masika yanaanza. Wazee wetu wa Keya (askari wa King's African Rifles), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua hizohizo; mwenye mzee wa Burma kwenye ukoo hahitaji kuelezwa tope la huko lilivyo.

Mwisho ni karatasi. Kumbukumbu zilizochambuliwa na timu ya 2013 zilionyesha kuwa kikosi cha RAF (jeshi la anga la Uingereza) kilichopokea mizigo bandari ya Rangoon kilipokea ndege 37 tu kati ya 1945 na 1946, kutoka meli tatu. Hakuna kasha lililokuwa na Spitfire, na nyingi ya ndege hizo inaonekana zilisafirishwa tena nje mwaka 1946. Karatasi hizo zingesomwa kwanza, eskaveta lisingewashwa.

Mwewe_Pwani

Nimekuelewa kwenye makasha. Lakini walipima kwa vifaa kabla ya kuchimba, na walisema wameona kitu chini. Kifaa kinadanganyaje?

Kipimo_Ardhi

Kifaa hakidanganyi, kinajibu swali lake tu. Magnetomita inauliza "kuna chuma?", na mwili wa ndege ni aluminiamu, haivutwi na sumaku. Kinachosomeka ni krankishafti na gia za injini, miguu ya magurudumu, bunduki na bamba la chuma nyuma ya kiti cha rubani. Tena ishara hupungua kwa mchemraba wa umbali: kina kikiongezeka mara mbili inabaki moja ya nane, mara tatu inabaki moja ya ishirini na saba. Ndiyo maana injini iliyo mita 2 chini hupiga kelele, na iliyo mita 9 hunong'ona.

Sasa peleka kifaa hicho kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa vita. Kuna yale mabati ya chuma yenye matundu yaliyotandikwa kama njia ya kurukia, kuna mabomba, nyaya, nondo za zege, mapipa. Vyote ni chuma, vyote viko juu zaidi ya unachotafuta. Vipimo vya upitishaji umeme navyo hupanda kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa peke yake. Rada ya kupenya ardhi ndiyo huwavunja watu moyo zaidi: kwenye mfinyanzi wenye maji mawimbi humezwa ndani ya mita moja au mbili, kinachoonekana chini ya hapo ni kelele ya mashine. Kwenye mchanga mkavu inafika mbali zaidi, na kwenye barafu inapita kama kwenye kioo.

Ukipima, pita mistari iliyoachana mita 1 au pungufu, simu, funguo na buti zenye chuma viache nje ya eneo, rudia mistari michache kwa mwelekeo mwingine uone kama ishara inabaki palepale. Kisha linganisha vifaa viwili vinavyofanya kazi kwa kanuni tofauti. Pakikubaliana, toboa kwa mkono tundu jembamba utoe sampuli ya udongo. Udongo uliowahi kuchimbwa umechanganyika tabaka. Ukikuta tabaka zimetulia kama zilivyoumbwa, hapo hapakufukiwa kitu, funga kazi.

Barafu82

Nijazie upande wa Greenland, kwa sababu watu huutumia kama ushahidi wa Burma na haufanani nao hata kidogo. Pale hapakuwa na uvumi. Julai 15, 1942 P-38 sita na B-17 mbili, ndege kubwa za kudondosha mabomu, zilitua kwa dharura kwenye barafu, wafanyakazi wake wote wakaokolewa, mahali pakaandikwa. Shida ilikuwa mbili: theluji ya kila mwaka ilizifunika, na barafu yenyewe inatembea, ikazihamisha zaidi ya kilomita moja. Rada ndiyo iliyozipata mwaka 1988.

Kuzifikia walitumia koni iliyozungushiwa mabomba ya shaba yenye maji ya moto ndani, inayeyusha shimo la upana wa mita 1.2 hivi, huku pampu ikivuta maji juu. Ikizimika pampu, shimo linaganda tena. B-17 waliyoifikia mwaka 1990 ilikuwa imepondwa na uzito wa barafu. P-38 ni imara zaidi, ikastahimili. Mwaka 1992 waliyeyusha pango kuizunguka, kina cha mita 82, wakaifungua vipandevipande, kipande kizito cha katikati kikapanda mwisho. Iliruka Oktoba 2002, baada ya miaka kumi ya karakana. Hiyo ndiyo Glacier Girl.

Fundi_Ribiti

Swali la tatu nalibeba mimi. Kinachoiua ndege ardhini ni mambo matatu: hewa, chumvi, na metali tofauti kugusana. Bati la duralumini, mchanganyiko wa aluminiamu na metali nyingine, limepakwa aluminiamu safi pande zote. Ngozi hiyo ikishatobolewa, ulikaji huingia katikati ya bati na kulifanya liachie tabaka kama maandazi ya kukunja. Kwa macho linaonekana zima, ukilibonyeza linavunjika. Ribiti nazo huoza vichwa. Vipuri vya magnesi hutoweka kabisa, unakuta unga mweupe.

Kwa hiyo mahali ndipo panapoamua. Kinamasi cha mboji hakina hewa: Spitfire P8074 iliyoanguka Donegal, Ireland, Novemba 1941 ilichimbwa Juni 2011, na bunduki yake moja aina ya Browning ilisafishwa ikafyatua risasi. Lakini mwili ulikuwa umesambaratika kwa kishindo, hairuki ile. Mchanga wa Calais uliimeza P9374 iliyotua kwa tumbo Mei 1940, ikafichuka 1980, ikaruka 2011. Elewa hapo "ikaruka" ina maana gani: sehemu kubwa ya bati, mihimili ya mabawa na ribiti ni mpya, zimetengenezwa kwa michoro ya kiwandani. Cha zamani ni kibati cha namba na vipuri vilivyofaulu majaribio. Mimi siuoni kama udanganyifu, mradi kila kipuri kiandikwe wazi kilikotoka.

Ikitoka ardhini, kosa la kwanza ni kuiacha ikauke juani. Chumvi huganda na ulikaji hukimbia ndani ya saa chache. Iweke mvua, iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, badilisha maji mpaka kipimo cha kloridi kishuke. Usitumie mashine ya presha, itang'oa rangi na namba za ukaguzi zilizoandikwa ndani, ambazo ndizo zitakazokuambia hii ni ndege ipi. Dornier 17 ya Wajerumani iliyoopolewa baharini Uingereza mwaka 2013 ilinyunyiziwa mchanganyiko wenye asidi ya sitriki ndani ya mahema kwa muda mrefu kabla ya mtu kugusa ribiti.

Injini usiizungushe, hata nusu mzunguko. Merlin na Griffon, injini za Spitfire, zote zina silinda 12 na plagi 24. Zitoe zile zinazokubali, jaza mafuta mepesi ya kupenyeza, acha wiki, ongeza. Pistoni imeshikana na silinda kwa kutu, ukilazimisha unapinda konrodi. Baadaye chuma kinapimwa nyufa kwa unga wa sumaku, aluminiamu kwa rangi inayong'aa. Kichwa cha silinda mara nyingi hufeli, kwa sababu boliti za chuma zimekula aluminiamu inayozizunguka.

Kipimo_Ardhi

@Fundi_Ribiti umemaliza. Ongezea tu ruhusa. Uingereza kila mabaki ya ndege ya kijeshi yanalindwa na sheria ya 1986, huchimbi bila leseni ya Wizara ya Ulinzi, na panapodhaniwa kuna mwili wa rubani au mabomu kwa kawaida leseni haitolewi.

Fundi_Ribiti

Kweli, na hata ukiwa na leseni, ukiona mfupa simamisha eskaveta hapohapo uite polisi. Familia ya mtu inasubiri. Risasi na mitungi ya oksijeni isiguswe kabla ya mtaalamu wa milipuko. Saa za dashibodi zina rangi ya radiamu iliyokuwa iking'aa usiku. Mng'ao umekufa, mionzi ipo, kwa kuwa nusu ya radiamu huisha baada ya miaka 1,600. Kioo kikiwa kimevunjika usikipulize vumbi wala usikifungue mezani. Kifunge kwenye mifuko miwili, kiwekee alama, kikae mbali na mnapolia chakula.