Mrejesho: Fomu ya oda sasa inafunguka ndani ya Facebook

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini fomu ya oda ya mteja wangu, muuza vitenge wa Eastleigh, inafunguka kwenye kompyuta, lakini ukibonyeza kiungo kwenye ukurasa wake wa Facebook kwa simu ya Android, unapata weupe mtupu. Aliyesema nikague cheti cha kati, kile kinachounganisha cheti cha tovuti na mamlaka inayoaminiwa na simu, alilenga penyewe.

Niliendesha openssl s_client na -showcerts, amri inayoonyesha vyeti ambavyo seva inatuma. Kikatoka cheti kimoja tu, cha tovuti yenyewe, na mwishoni msimbo 21 (cheti hakikuthibitishwa) badala ya 0 (kila kitu sawa). Kivinjari cha kompyuta kinaweza kujitafutia cheti kinachokosekana au kutumia kilichohifadhiwa, ndiyo maana huko hatukuona tatizo. Waliosimika seva waliielekeza Nginx, programu inayohudumia tovuti, kwenye cert.pem, faili yenye cheti cha tovuti pekee. Nimeweka fullchain.pem, yenye cheti cha kati pia, nikapakia upya, ikaja 0. Raha iliyoje!

Bei bado hazikujumlishwa: faili ya JavaScript inayozijumlisha iliitwa kwa http, na ukurasa wa https huizuia. Hiyo ilikuwa kazi ya herufi moja, s.

Vyeti vyetu vya Let's Encrypt ni vya siku 90, kwa hiyo nimejaribu pia certbot renew --dry-run, yaani jaribio la kuvihuisha bila kuvibadilisha. Imepita. Oda zimeanza kuingia.