Damu kichwani: kwa nini mmoja anapasuliwa usiku huohuo na mwingine anaangaliwa tu?

Muuliza
Wakuu, naomba ufafanuzi. Majeruhi wawili wa bodaboda, CT scan zote zinaonyesha damu kichwani. Mmoja kakimbizwa upasuaji, mwingine kalazwa tu. Na mzee wa presha, hakujigonga popote, naye ana damu. Ni kitu kimoja?

TabibuZamu
Hapana mkuu. Angalia damu imekaa wapi. Ikiwa kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo, mara nyingi mfupa wa panja umevunjika na kuchana ateri (mshipa utoao damu moyoni) inayopita chini yake. Ateri inasukuma kwa nguvu. Majeruhi huzimia, anaamka, anaongea vizuri hata saa kadhaa, kisha anatapika, anasinzia, mboni ya jicho moja inatanuka. Hapo ubongo unakandamizwa, na kusubiri asubuhi ni kumpoteza. Kwa hiyo "anaongea, yuko sawa" isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani. Damu ikizidi mililita 30, anapasuliwa hata kama bado anaongea.

Nesi_Vichwa
Chini ya utando huo, damu hutoka kwenye vena ndogo (mishipa inayorudisha damu moyoni) na kutandaa kama mwezi mchanga. Ya ajali ikizidi unene wa milimita 10, au ikisukuma ubongo zaidi ya milimita 5 kutoka mstari wa kati, hupasuliwa. Ikiwa nyembamba na mgonjwa yuko macho, anapimwa fahamu na mboni kila mara, CT inarudiwa.

Wazee wasisahauliwe! Ubongo wao umesinyaa, vena zimevutika, kujigonga mlangoni kunatosha. Wiki kadhaa baadaye anayumba, anasahau, na ndugu wanasema ni uzee. Damu hiyo hutolewa kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu.

DktMishipa
Mzee wa presha ni kiharusi cha damu: presha ya miaka mingi imechakaza ateri ndogo za ndani kabisa, moja ikapasuka. Mara nyingi kazi ya kwanza si kisu, ni kushusha namba ya juu ya presha mapema na kwa uangalifu hadi karibu 140. Kama anatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), apewe vitamini K ya mshipa na vigandisha damu haraka.

Muuliza
Asanteni. Mtu wa kiharusi, njiani kwenda hospitali apewe aspirini?

DktMishipa
Usimpe. Kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na aspirini inazuia damu kuganda. CT kwanza.