Mrejesho: majibu ya baba, seli nyeupe 38,000

Wadau, nimerudi. Niliuliza kuhusu baba, miaka 68, aliyekutwa na seli nyeupe za damu 38,000, nyingi kupita kawaida, wakati alikwenda kucheki presha tu, na haumwi popote.

Ni leukemia sugu ya limfosaiti, yaani saratani ya damu inayokwenda polepole, ya aina fulani ya seli nyeupe. Ilithibitishwa kwa damu ya mkononi, kwa kipimo kinachosoma alama zilizo juu ya seli. Limfosaiti B za aina moja zikiwa 5,000 au zaidi kwa mikrolita ya damu, kwa miezi mitatu, jibu limepatikana. Uboho hakuchomwa kabisa, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

Kilichonishangaza ni kwamba hajaanzishiwa dawa. Nilibisha mpaka machozi yakanitoka. Daktari akachukua kidole changu, akakiweka shingoni kwa baba, nikagusa tezi ndogo kama harage, laini, haiumi. Akasema kuanza mapema, bila dalili, hakujaonekana kurefusha maisha. Dawa zitaanza damu au chembe sahani (zinazogandisha damu) zikishuka, bandama ikivimba sana, au akipungua uzito, kupata homa na kutokwa jasho usiku. Kabla ya hapo watapima jeni ya TP53, maana ikiwa na hitilafu, kemotherapi ya kawaida haifanyi kazi vizuri, na vidonge kama ibrutinib ni bora zaidi.

Aliyenikumbusha chanjo, asante sana! Kachanjwa ya mafua na ya nimonia. Zenye virusi hai haruhusiwi. Tunarudi kliniki baada ya miezi mitatu.