Roketi, haradali au habati rashadi: ipi inafaa kibarazani Dar?

Mpenda_Kachumbari (Dar es Salaam)
Wakuu, habari zenu. Natafuta majani ya saladi yenye ukali, yale yanayowasha ulimi na kupanda hadi puani, nile mabichi na samaki wa kuchoma. Nimepanga ghorofa ya pili, na kibaraza changu kinapigwa jua kuanzia saa sita mchana mpaka magharibi. Duka la pembejeo wana mbegu za roketi. Kwa muuza viungo nimeona haradali ya kahawia na habati rashadi. Ipi itavumilia joto letu?

Bustani_Arusha
Kwa ladha, roketi. Ina ukali na harufu ya karanga kwa pamoja, hizo nyingine hazina. Fukia mbegu nusu sentimita tu, itaota ndani ya wiki, na wiki ya nne unaanza kuchuma. Chuma majani ya nje, uache kichipukizi cha katikati kiendelee. Ila huku kwetu kuna baridi. Kwa Dar mwezi wa pili sikushauri kabisa: joto likipanda na udongo ukikauka, inakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa machungu. Ngoja kipupwe, Juni hadi Agosti.

Mkunazi (Maskati)
Salaam aleikum. Nakubaliana na wa Arusha kuhusu msimu. Huku jarjiri, ndiyo hiyo roketi, haikosi pembeni ya wali na samaki, pamoja na ndimu. Na kiangazi chetu kinapita nyuzi 40! Siri ni kwamba watu hupanda joto likishavunjika, kuanzia Oktoba hivi, wakaendelea mpaka karibu na Machi. Halafu usimwage mbegu zote siku moja. Panda kidogo, baada ya wiki mbili panda tena, ndipo utapata majani machanga mfululizo. Na maua yakitokea usiyatupe, yanalika.

Pwani_Kijani (Mombasa)
Sasa huyu ndugu asubiri mpaka Juni ndiyo ale saladi? Mimi nasema haradali. Inavumilia joto kuliko roketi, na ukali wake ndio ule hasa wa kupanda puani alioutaka. Sharti moja: ichume ingali changa, jani likiwa na urefu wa kidole. Likishakuwa kubwa linakuwa gumu na lina vinyweleo, hapo ni la kupika. Na ukilipika, ukali umekwenda.

Mwl_Bayolojia (Morogoro)
Naongezea hapo, maana ni jambo zuri kulijua. Jani zima halina ukali huo. Ndani yake kuna viambata vya salfa na kimeng'enya vilivyotengwa. Ukilitafuna au kulikatakata vinakutana na ukali unazaliwa papo hapo. Moto unaharibu kimeng'enya. Kwa hiyo katakata dakika chache kabla ya kula.

Jambo la pili ni la usalama, tafadhali lizingatie. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa ya kuua kuvu. Hizo ni za udongoni tu. Usizioteshe kwenye kitambaa ukala vichipukizi vyake. Kwa vichipukizi nunua mbegu za kula.

Shamba_Dogo (Nairobi)
Hakuna aliyemtetea habati rashadi, na ndiye anayefaa nyumba ya kupanga! Haihitaji udongo wala kibaraza. Tandika kitambaa cha pamba kwenye trei, kiloweshe, nyunyiza mbegu zisilaliane. Zikipata maji zinatoa utelezi na kujishikiza zenyewe. Siku ya pili zimeota, na kati ya wiki moja na mbili unakata kwa mkasi. Usiziache zikiogelea majini, zitaota ukungu. Ubaya wake ni kwamba ukikata umemaliza, unapanda upya.

Mpenda_Kachumbari
Asanteni sana. Basi rashadi naanza leo dirishani jikoni, haradali kibarazani. Nina ndoo nyeusi za rangi, zinafaa?

Pwani_Kijani (Mombasa)
Za rangi ya kupaka ukuta? Hapana, tafuta zilizobeba chakula, na ziwe nyeupe. Nyeusi kwenye jua la mchana inapika mizizi. Kama huna, zungushia gunia. Toboa chini, changanya udongo na mboji, mwagilia asubuhi, na saa nane weka kivuli cha neti au hata kanga kuukuu.

Bustani_Arusha
Na ukiona matundu madogo madogo kwenye majani, ni wale wadudu weusi wanaoruka kama viroboto. Wanapenda roketi na haradali sawasawa. Funika kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa tangu siku unayosia; ukingoja mpaka uwaone, utakuwa umewafungia ndani.

Mpenda_Kachumbari
Chandarua cha zamani ninacho, lakini kile kina dawa. Nitanunua shela.