Korosho ikipanda bei, umaskini unampungukia nani?

Wakuu, kila mnada wa kwanza wa korosho ukipita kelele ni zile zile, oo Kusini wameukata. 2024 kilo ikavuka shilingi 4,000, shangwe kila kona. Me nauliza wameukata kina nani? Msimu wa 2017/18 zilitoka tani zaidi ya laki tatu na bei ilikuwa tamu, kilimo nchi nzima kikasemwa kinakua, ila umaskini Tanzania kutoka 2011/12 mpaka 2017/18 ulishuka toka asilimia 28.2 hadi 26.4. Hata pointi mbili hazijafika jamani.

Huku Newala, Mtwara, mwenye ekari ishirini anapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri mnada, hela inasoma benki. Mwenye ekari moja je? Mwezi wa nane mikorosho iko kwenye maua, hana hela ya mpuliza dawa wala mafuta ya bomba lake, na ndani kuna mgonjwa, basi anachukua kangomba, yaani hela ya mapema ya mlanguzi, anauza korosho ambayo haijaanguka bado kwa bei ya kutupa. Ile 4,000 anakuja kuila aliyemkopesha.

— Mkuu hapo umeangalia shamba tu. Hela ya korosho inazunguka, bodaboda, mama ntilie, fundi wa bati, wote wanakula humo. Umesahau 2018 wafanyabiashara walivyotaka bei ya chini, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likabeba mzigo, malipo yakachelewa? Mbona hata wasio na mti mmoja walilia?

— Walilia ndio, ila msimu ukiwa mzuri kibarua wa kuokota anaongezewa shilingi ngapi? Halafu mnasema "mkulima" kama ni mtu mmoja. Anayeinama kuokota na kunyonyoa mabibo ni mama, akaunti ni ya baba. Na kubangua ndo kulikuwa kunawapa ajira wanawake, sasa korosho nyingi inapanda meli ghafi kwenda Vietnam na India, viwanda vya enzi za Mwalimu vingine vimebaki maghala.

— Dada hapo kwa viwanda nakuunga mkono. Ila mwenye ekari moja asaidiwe mwezi wa nane, si mwezi wa kumi mnada ukianza. AMCOS zikopeshe kabla ya maua, kangomba itakufa yenyewe.

— Wakopeshe? Ya kwetu inaangalia ulileta magunia mangapi mwaka jana. Aliyeuza kangomba anaonekana hakuleta hata moja.