Aliyejaribu kujiua apelekwe polisi au hospitali? Tujadili kifungu cha 217

Wadau, habari za jioni. Msimamo wangu siufichi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kifutwe. Mwenye hoja ya kukitetea aje nayo, nitamsoma mpaka mwisho.

Hapa Dodoma wazee wengi husema vijana wa leo wamedeka. Babu zetu wa Ugogo walipita kwenye Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokomba nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Mbona hao hawakuzungumzia sonona? Hoja hii naiheshimu, kwa ajili ya waliokufa. Ila Mtunya iligonga kila kaya. Hakuna aliyeulizwa na shangazi yake kwa nini yeye tu hana chakula.

Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akabaki na chumba cha kupanga Nkuhungu yuko peke yake na aibu yake. Anatuma maombi ya kazi, anaitwa kwenye usaili, majina yakitoka lake halimo. Kijijini wanajua yuko makao makuu, basi hela anazo. Simu ikiita, ni mchango wa harusi ya mwenzake waliyesoma darasa moja. Wa kike anaambiwa umri unakwenda, mkwe yuko wapi? Wa kiume akitokwa na chozi anaambiwa ajikaze. Usingizi unapotea, chakula hakipandi, nguo zinarundikana bila kufuliwa, na anaanza kujiuliza anaishi kwa ajili ya nini. Hiyo si deko. Sonona ni ugonjwa, na unatibika kwa ushauri nasaha na dawa.

Sasa huyo akijaribu kujiua akanusurika, sheria inamhesabu mhalifu. Familia inafanyaje? Inatunga ajali. "Aliteleza bafuni." Muuguzi anaandika aliteleza, kidonda kinafungwa, mtu anarudishwa kwenye chumba kilekile na kilichomfikisha pale hakijaguswa hata kidogo. Mnaosema kifungu kinaokoa maisha kwa kutisha watu, hapa mnajibu nini? Aliyekwisha kata tamaa ya kuishi hafikirii mahabusu. Anayetishika ni yule anayetamani kusema.

Na sisi wa Dodoma hatuna kisingizio cha umbali. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo hapa tangu 1927. Hata hivyo abiria anamwomba wa bodaboda amshushe mbali na geti, amalizie kwa miguu, asije akaonekana na mtu wa mtaani kwake. Aibu yote hiyo, halafu tumwongezee na polisi?

Viongozi wetu wa dini wanasema uhai ni mali ya Mungu. Nakubali kwa moyo wote, na ndiyo sababu nataka aliyenusurika alindwe. Toba ina mahali pake, kanisani au msikitini, mbele ya mtu anayemjua kwa jina. Kizimbani hakuna toba.

Tukumbuke pia hiyo sheria ni ya urithi wa Waingereza, na wao wenyewe waliacha kulihesabu jambo hili kosa mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Ghana walifuta 2023. Majirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu chao kinakiuka Katiba.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa kifungu wana haki ya kutubana nalo, na ningependa hasa wauguzi, askari na wenyeviti wa mitaa walijibu. Leo mwenyekiti akigongewa usiku wa manane kwamba kijana fulani amejifungia ndani na anatishia kujiua, anapiga simu kituoni, kwa sababu polisi ndio atakaowapata saa hiyo. Kifungu kikifutwa, ampigie nani, na huyo atafikaje Nkuhungu saa nane usiku?