Kinga ya meno inadondoka na kuleta kichefuchefu: nikate wapi?

KonaBluu:
Wakuu habari. Nafundisha ndondi vijana wa miaka 14 hadi 17. Kinga zao za meno ni zile za kuchemsha na kuuma. Mmoja yake inadondoka akifungua mdomo, mwingine inamletea kichefuchefu, wa tatu anadai inambana pumzi. Wa nne amefungwa waya za meno. Nianze na mkasi au nichemshe upya?

FundiMeno:
Mkuu, mkasi baadaye. Kinga inayodondoka mara nyingi ni kwa sababu mtu aliuma tu, hakufyonza. Plastiki yake ni EVA, inalainika vizuri kwenye nyuzi 70 hadi 80. Ukiiacha kwenye maji yanayotokota inajikunja na kugandana. Kwa hiyo epua sufuria, subiri dakika moja au mbili, itumbukize kama sekunde 30 (karatasi ya kwenye boksi ikisema vingine, ifuate). Itoe kwa kijiko, ichovye mara moja kwenye maji ya baridi isimuunguze, kisha ivalishwe meno ya juu mbele ya kioo, katikati yake ilingane na katikati ya meno mawili ya mbele.

Aume kwa upole. Hapa ndipo zinapoharibika: akikaza taya, meno yanazama na chini ya magego inabaki ngozi tu, itapasuka mapema. Afyonze kwa nguvu huku ulimi ukisukuma kaakaa, na wewe ubonyeze midomo na mashavu kwa nje, sekunde 20 hadi 30. Halafu maji ya baridi, dakika moja au mbili.

Kipimo: aachame na kutikisa kichwa. Isipobaki juu yenyewe, rudia. Kurudia mara moja au mbili inavumilia. Zaidi ya hapo inakonda, nunua nyingine.

DaktariWaKinywa:
Huyo wa kichefuchefu, angalia nyuma. Ikifika gego la mwisho, au ukingo wa ndani ukipanda sana kwenye kaakaa, lazima imkere. Punguza milimita mbili mbili, kushoto na kulia sawa, ukijaribu kila mara. Usivuke gego kubwa la kwanza: kinga fupi haina mshiko, na ikichomoka inaweza kuteleza kooni.

Mbele, ule uzi wa nyama unaoshika mdomo wa juu na ufizi uchongewe nafasi ya V. Usipofanya hivyo utachubuka, na kila akisogeza mdomo kinga itasukumwa chini. Ukingo uliokatwa ulainishe kwa msasa laini. Unene wa mbele ya meno usiguse kabisa, ile milimita 3 ndiyo kinga yenyewe.

Wa waya usimchemshie hiyo. Plastiki itaingia kwenye vibati (vile vidude vilivyogandishwa kwenye meno kushika waya) na ikipoa itavishika, utang'oa kazi ya watu. Zipo za silikoni zisizochemshwa, za watu wenye waya. Ama daktari wake amtengenezee ya vipimo, akiacha nafasi ya meno kusogea.

RagaTu:
Nyekundu usinunue, ndondi za ridhaa haziruhusu kwa sababu refa hawezi kuona damu. Ioshwe kwa maji ya baridi na sabuni, ikae kwenye kiboksi chenye matundu. Ikiachwa kwenye gari juani, umbo limekwenda.

KonaBluu:
Asanteni. Na huyu wa pumzi? Anasema pia taya la kulia linamuuma.

FundiMeno:
Ukiona hivyo, huenda inagusa upande mmoja tu, naye anaikaza ili isianguke. Anayekaza taya hapumui kwa mdomo, na misuli inachoka. Ikaushe, mwekee karatasi ya kaboni juu ya meno ya chini, agonge taratibu. Alama zikitokea kulia pekee, chovya uso wa chini tu kwenye maji ya moto sekunde chache, aume polepole hadi pande zote ziguse. Akiweza kusema "raundi ya tatu" ukamwelewa na akanywa maji ikiwa mdomoni, imekaa.